Hindi lina madoa ya zambarau: ni mbegu feki, au ni DNA?

Picha iliingia kwenye grupu letu la WhatsApp saa mbili usiku. Hindi moja limemenywa, limelazwa juu ya kiroba. Punje nyingi nyeupe kama yalivyo mahindi ya huku kwetu Namanyere, lakini punje kama kumi hivi zilikuwa na madoadoa ya zambarau, utadhani mtoto amezichezea na kalamu ya wino.

Chini yake mzee wetu mmoja aliandika: "Vijana, hii ni mbegu feki au ni ugonjwa? Kesho asubuhi nampelekea mwenye duka."

Majibu unayajua. Mmoja alisema, "Shikamoo mzee, usile hiyo, ni GMO." Mwingine akasema ni dawa ya kuua wadudu imezidi. Wa tatu akaweka kikaragosi cha kucheka. Mzee hakucheka. Alikuwa amenunua mbegu kwa hela ya kukopa, na hindi la ajabu shambani si kichekesho kwa mtu mwenye deni.

Jibu fupi: mwenye duka huenda hana kosa lolote. Jibu refu linapita kwenye jambo ambalo wanasayansi wenyewe walilipuuza kwa miongo kadhaa, yaani zile sehemu za DNA zinazojirudiarudia. Hilo jambo halihusu mahindi tu. Linahusu samaki wa Ziwa Tanganyika, malaria, na hata kile kipimo cha kujua baba wa mtoto.

Kwanza, hakikisha si ukungu

Kabla ya sayansi, tuanze na usalama. Doa la ukungu huwa juu ya punje au kwenye kitovu chake. Ukilisugua linatoa unga wa kijani, kijivu au wa pinki. Punje yenyewe mara nyingi imesinyaa, ni nyepesi, na inanuka uvundo. Doa la rangi ya asili liko chini ya ganda la nje. Ukisugua halitoki, punje ni ngumu na inang'aa kama wenzake.

Tofauti hii si ya mzaha. Mwaka 2016, sumukuvu iliua watu wapatao 20 katika mikoa ya Dodoma na Manyara, na chanzo kilikuwa mahindi. Na ujue kwamba sumukuvu yenyewe haionekani kwa macho, kwa hiyo hata punje safi zinahitaji kukaushwa vizuri kabla ya kuingia ghalani.

Mzee alisugua. Hakikutoka kitu.

Rangi imetoka kwa jirani

Mahindi huzaana kwa upepo. Mbelewele zikifunguka, chavua inapeperushwa na kutua kwenye ndevu za mahindi mengine, hata ya shamba la jirani. Kila unywele wa hindi unaongoza kwenye punje moja. Kwa hiyo punje mbili zilizokaa bega kwa bega kwenye hindi moja zinaweza kuwa na baba tofauti kabisa.

Na kwa mahindi, rangi ya punje haisubiri msimu ujao. Chavua ikitoka kwenye mahindi ya rangi, punje inaweza kuonyesha rangi hiyo papo hapo. Ndiyo maana unaweza kupanda mbegu nyeupe safi, halafu ukavuna hindi lenye punje chache za zambarau, kwa sababu tu kuna mtu jirani anayepanda yale mahindi ya zamani ya rangirangi.

Sawa, hiyo inaeleza rangi. Lakini kwa nini madoa? Kwa nini punje isiwe yote zambarau au yote nyeupe?

Mama aliyesoma madoa

Swali hili lilimkalisha mwanamama mmoja wa Marekani, Barbara McClintock, maisha yake karibu yote. Alizaliwa 1902. Miaka ya 1940 alikuwa akilima mahindi yake mwenyewe kwenye kituo cha utafiti cha Cold Spring Harbor, jimbo la New York, na kuangalia kromosomu zake kwa hadubini, msimu baada ya msimu.

Alichogundua ni kwamba kuna vipande vya DNA vinavyohama. Kipande kinang'oka mahali kilipokuwa na kwenda kujipachika pengine. Kikitua katikati ya jeni ya rangi, jeni hiyo inazimika na punje inaanza ikiwa haina rangi. Lakini punje inapokua, seli zake zikiendelea kugawanyika, kipande kinaweza kuondoka katika seli moja. Hapo jeni inawaka tena, na seli hiyo pamoja na zote zitakazotokana nayo zinakuwa zambarau. Hilo ndilo doa.

Kikiondoka mapema, doa linakuwa kubwa kwa sababu seli bado ina uzao mwingi mbele yake. Kikiondoka mwishoni, unapata vidoti vidogo. Yaani kila punje ni kama saa: ukubwa wa doa unakuambia kipande kiliruka lini. (Si kila punje yenye mabaka inatokana na kuruka huku, zipo sababu nyingine za jeni. Ila kisa maarufu ni hiki.)

McClintock aliwaeleza wenzake mwaka 1951. Wengi hawakumwelewa, na wengine waliona ni kituko cha mahindi tu. Wakati huo iliaminika jeni zimepangwa kwenye kromosomu kama shanga kwenye uzi, hazisogei. Tuzo ya Nobel alipewa 1983, akiwa na miaka 81, na alipewa peke yake bila kugawana na mtu. Alifariki 1992.

Kwa hiyo mzee wetu wa Namanyere alikuwa ameshika mkononi kitu kilekile kilichompa mtu Nobel. Nilimwandikia hivyo. Akajibu, "Na mimi nitalipwa?"

Kurasa 85 kati ya 100

Mwaka 2009 jenomu ya mahindi, yaani DNA yake yote kwa pamoja, ilisomwa kwa kina. Ina herufi kama bilioni 2.3. Jeni ni zaidi ya 30,000. Lakini ukiifanya jenomu hiyo kuwa kitabu cha kurasa 100, kurasa kama 85 ni vipande vya aina ile ya McClintock na jamaa zao, vingi vikiwa nakala za nakala.

Wataalamu huviita transposoni. Vipo vya aina mbili kubwa. Wapo wanaong'oka na kuhama, kama wale wa kwenye madoa. Na wapo wanaojinakili: kipande kinabaki palepale, nakala yake inakwenda kutua kwingine. Hawa wa pili ndio wanaojaza nafasi. Ni kama ile meseji ya "tuma kwa watu kumi": wa mwanzo bado anayo, na sasa watu kumi wengine wanayo. Baada ya muda kila simu mtaani inayo, nyingine zimekatwa nusu, nyingine zina makosa ya herufi.

Binadamu hatuko mbali. Jenomu yetu ina herufi kama bilioni 3.1, na zaidi ya nusu yake ni vitu vinavyojirudia. Kipande kimoja tu kinachoitwa Alu, chenye herufi kama 300, kimo ndani yetu zaidi ya mara milioni moja. Sehemu inayotoa maelekezo ya kutengeneza protini haifiki hata asilimia 2.

Kwa muda mrefu sehemu hizi ziliitwa takataka. Jina hilo lilipata umaarufu kupitia Susumu Ohno mwaka 1972. Siku hizi kuna mtindo wa kwenda upande wa pili na kusema kila herufi ina kazi yake. Mimi sikubaliani na hilo pia. Kitunguu maji unachokikaanga kina DNA kama mara tano ya yako. Kamongo, yule samaki wa Afrika anayeweza kuvuta hewa na kujifukia kwenye tope, ana jamaa yake ambaye jenomu yake ni herufi kama bilioni 40, karibu mara 13 ya yetu. Sidhani kitunguu kina akili mara tano. Nyingi ya nakala hizo zimekaa tu. Lakini chache kati yake zimebadilisha dunia, na moja unaila kila siku.

Bila kipande hiki, ugali ungekuwa shida

Mahindi yametokana na nyasi ya porini huko Mexico inayoitwa teosinte. Wakulima wa kule walianza kuibadilisha miaka kama 9,000 iliyopita. Ukiiona teosinte hutaamini: ina matawi mengi kama kichaka, na vihindi vidogo vyenye punje chache ngumu kama kokoto.

Hindi letu lina shina moja lililosimama. Sababu moja kubwa ya tofauti hiyo ni jeni inayozuia matawi, iitwayo tb1. Cha ajabu, jeni yenyewe haikubadilika sana. Kilichobadilika ni sauti yake. Katika mahindi inafanya kazi kwa nguvu karibu mara mbili zaidi, hivyo matawi yanazuiwa na mmea unapeleka nguvu kwenye shina na mahindi machache makubwa.

Nani alipandisha sauti? Mwaka 2011 watafiti wa Marekani walionyesha kwamba ni transposoni iitwayo Hopscotch. Ilitua mbali na jeni, herufi kama 60,000 kabla yake, lakini inaiongezea nguvu ikiwa hukohuko mbali. Tena ilitua kabla hata watu hawajaanza kulima mmea huo. Kipande kilikuwapo tayari porini kwa baadhi ya mimea, wakulima wakaipenda mimea hiyo, wakaichagua, wakairudia.

Hapa ndipo penye kiini cha mambo. Jeni ni kama taa, lakini taa bila swichi haina maana. Transposoni nyingi huja na swichi zao ndani, kwa sababu nazo zinahitaji kuwashwa ili zijinakili. Zikitua jirani na jeni, wakati mwingine zinaiachia jeni hiyo swichi mpya.

Seli nayo haikai kizembe. Huweka alama za kemikali juu ya transposoni ili zisiamke, kama kufuli. Wakati mwingine kufuli hilo linasambaa hadi kwenye jeni ya jirani na kuizima nayo. Na kuna nyakati transposoni inaamshwa na shida: mwaka 2015 ulitoka utafiti ulioonyesha kwamba jeni nyingi za mahindi zinazowaka mmea ukipata baridi, joto au chumvi zina transposoni za aina fulani jirani yake. Anayelima juu huku Ufipa, ambako Juni asubuhi unatoka na koti mbili, anaelewa baridi ni kitu gani kwa mmea.

Kuna mfano mwingine wa mahindi ambao si wa kuruka ila ni wa kujirudia. Kwenye udongo wenye asidi kali, madini ya alumini huachiwa na kuunguza mizizi. Mmea wenye jeni iitwayo MATE1 hujitetea kwa kutoa kwenye mizizi tindikali ileile ya kwenye limao, nayo inaifunga alumini. Mwaka 2013 ilionekana kwamba aina fulani za mahindi zinazostahimili sana udongo wa namna hiyo zina nakala tatu za jeni hiyo zimepangana, badala ya moja. Hakuna jeni mpya hapo, ni ileile mara tatu.

Shuka hadi ziwani

Kutoka Namanyere ukishuka kuelekea Kipili au Kirando, unafika Ziwa Tanganyika. Unanunua migebuka na dagaa, na ukibahatika unapata kuhe. Huyo kuhe ni wa ukoo mmoja na sato na perege, na ni mmoja wa wakubwa kabisa katika ukoo huo duniani. Ziwani humo peke yake kuna aina kama 240 za ukoo huu.

Tawi moja la ukoo huo, ambalo watu wa Mwanza wanalijua kwa jina la furu, lina aina yapata 1,500 katika maziwa na mito ya Afrika. Madume wengi wa tawi hili wana madoa ya duara kwenye pezi la chini, ya njano au ya chungwa, yanayofanana kabisa na mayai.

Kazi yake? Jike hutaga na kuyabeba mayai mdomoni haraka. Akiona madoa ya dume anadhani kuna mayai mengine amesahau, anasogea kuyachukua, na hapo ndipo dume anapomwaga mbegu, zinaingia mdomoni na kurutubisha mayai. Ulaghai mtupu, lakini unafanya kazi.

Mwaka 2014 watafiti wa Chuo Kikuu cha Basel, Uswisi, walitafuta madoa hayo yalitoka wapi. Mmoja wa samaki waliowatumia ni Astatotilapia burtoni, anayeishi Tanganyika. Walikuta karibu na jeni iitwayo fhl2b kuna kipande cha DNA kinachojirudia, kilichoruka na kutua hapo kwa babu wa tawi hilo. Kipande hicho kiliipa jeni swichi mpya, ikaanza kuwaka kwenye seli za rangi zinazong'aa. Samaki wa ukoo huo wasio na madoa ya namna hiyo hawana kipande hicho mahali hapo.

Hindi lina madoa, samaki ana madoa, na sababu inakaribiana. Mimi nilipolisoma hilo mara ya kwanza nilitoka nje kidogo kupunga upepo.

Vifungo vya shati na malaria

Sasa tuje kwa watu. Umewahi kufunga shati gizani ukakosea kifungo kimoja? Unafika mwisho unakuta upande mmoja kifungo kimezidi, upande wa pili tundu limezidi. Kosa hilo linawezekana kwa sababu vifungo vyote vinafanana.

Ndivyo inavyotokea kwenye DNA. Yai au mbegu ya kiume inapotengenezwa, kromosomu mbili za jozi moja zinalala sambamba na kubadilishana vipande. Kama kuna sehemu mbili zinazofanana zimekaa jirani, zinaweza kupangana vibaya. Upande mmoja unapoteza nakala, upande mwingine unapata ya ziada.

Jeni za kutengeneza alfa globini, sehemu ya hemoglobini ya damu, zimekaa hivyo: mbili kwenye kila kromosomu ya 16, jumla nne kwa mtu. Kosa la vifungo limewaacha watu wengi wa Afrika Mashariki wakiwa na tatu au mbili. Huitwa alfa thalasemia. Kwa aina hii ya kwetu, wengi hawajui hata kama wanayo, pengine wana upungufu mdogo tu wa damu. Tafiti za Kilifi, pwani ya Kenya, zilionyesha watoto wenye hali hiyo hupata malaria kali kwa nadra zaidi.

Ila mwili hauna hesabu rahisi. Mwaka 2005 kundi hilohilo la Kilifi lilionyesha kwamba mtoto mwenye kinga ya kurithi jeni moja ya selimundu, akiwa na alfa thalasemia pia, zile kinga mbili hazijumlishwi. Zinakaribia kufutana.

Mfano wa pili ni mpya zaidi. Katika eneo lingine la jenomu lenye nakala tatu zinazofanana, mchanganyiko wa vifungo ulizaa jeni chotara, na ndiyo inayoleta kundi la damu liitwalo Dantu. Mwaka 2017 ilitangazwa kwamba mpangilio huo, unaopatikana hasa Afrika Mashariki, unapunguza hatari ya malaria kali kwa takriban asilimia 40. Mwaka 2020 sababu ikaelezwa: ngozi ya chembe nyekundu ya mwenye Dantu imekaza zaidi, kimelea kinashindwa kupenya. Kwa mtoto anayelala kando ya ziwa au kule bondeni Rukwa, ambako mbu hawana likizo, asilimia 40 ni tofauti ya kulala wodini au nyumbani.

Bila shaka kurukaruka huko kuna hasara pia. Mwaka 1988 ilionekana kipande kimoja cha kujinakili kimetua ndani ya jeni ya kugandisha damu na kuwapa watoto wawili ugonjwa wa kutokwa damu bila kukoma. Jenomu inacheza bahati nasibu, na wengine wanapoteza.

Na kipimo cha baba?

Ukisikia "wamekwenda kupima DNA", ujue mara nyingi kilichohesabiwa ni marudio. Kuna sehemu ambapo herufi nne, tuseme GATA, zinajirudia mara nyingi mfululizo. Wewe unaweza kuwa na 8 kwenye kromosomu moja na 11 kwenye nyingine. Mtoto anachukua hesabu moja kwa mama na moja kwa baba. Maabara inaangalia sehemu nyingi za namna hiyo, na hesabu zikigoma sehemu kadhaa, jibu linajulikana.

Hesabu hizo hutofautiana kati ya watu kwa sababu seli ikinakili GATA nyingi mfululizo inapotea hesabu. Kama mtu anayehesabu madebe yanayopandishwa kwenye lori, akaitwa na simu: tulikuwa 11 au 12?

Hapa nchini kazi hiyo hufanywa na Mamlaka ya Maabara ya Mkemia Mkuu wa Serikali, chini ya sheria ya vinasaba vya binadamu ya 2009. Huendi tu na mate ya mtoto kwenye chupa. Ombi linapita kwa wanaotajwa na sheria, kama mahakama, wakili au ofisa ustawi wa jamii. Na wanafanya vizuri kuweka mlango huo, maana hesabu ya GATA inaweza kuvunja nyumba.

Mzee alifanyaje?

Hakwenda dukani. Aliuliza swali moja la maana kuliko yote yaliyoulizwa kwenye grupu: je, apande zile punje za madoa msimu ujao?

Nilimwambia kama lengo ni kuuza mahindi meupe, hapana, ataendelea kupata mchanganyiko na mnunuzi atamkata bei. Tena kama mbegu aliyopanda ilikuwa chotara, mfano UH6303 ya Uyole, kurudia punje zake hata zile nyeupe kunashusha mavuno, maana watoto wa chotara hawafanani na wazazi wao. Lakini kula ale bila wasiwasi.

Jana ametuma picha nyingine. Punje za madoa amezipanda kwenye debe bovu nyuma ya jiko, mbali na shamba, na moja imeshachipua. Anasema anataka kuona zitakavyoruka.